Sentimita Moja na Nusu

Kasia lilimpata fundi baiskeli kisogoni saa nne asubuhi, mtaa ukiwa umefurika watu, naye ameinama akihangaika na mnyororo.

"Jamani, samahani kaka! Sikukuona."

"Umebeba miti ya mita tatu kwenye msongamano huu, ungemwona nani?"

Aligeuka amekunja uso, lakini uso ukakunjuka wenyewe. Mwanamke aliyesimama mbele yake alimzidi urefu kwa kichwa kizima. Alivaa suruali ya mazoezi ya bluu na fulana isiyo na mikono, na mabega yake yalikuwa ya kumtia mtu adabu.

"Si miti, ni makasia," alisema. "Pete hii hapa imelegea, ndiyo inayoshika kasia lisiteleze kwenye boti. Nimezunguka kwa mafundi watano, wote wamenicheka."

"Mimi sicheki. Kisogo kinauma."

Alizikaza pete zote mbili kwa dakika kumi. Mwanamke alitoa utepe wa kupimia mfukoni, akapima kutoka kwenye mpini hadi kwenye pete, akapima tena.

"Huniamini?"

"Simwamini mtu yeyote kwenye makasia yangu. Hata mama yangu mzazi."

"Basi nipe namba ya simu, nije kuaminiwa polepole."

Akampa. Watu wazima wawili, tena barabarani, wanachekeana kama watoto!

Miezi minane baadaye fundi alikuwa ameacha baiskeli na kuajiriwa kwenye klabu ya makasia ya mwanamke yule, akitunza boti ishirini na mbili. Alimwita Mrefu. Yeye alimwita Fundi wangu, mbele ya kocha bila haya. Na jambo moja lilibadilika ambalo hakuna aliyelitilia maanani: utepe wa kupimia ulihama mfukoni mwa Mrefu ukaingia mfukoni mwa Fundi. Mrefu hakupima tena. Akifika ufukweni asubuhi, boti ilikuwa tayari, naye aliingia na kupiga makasia.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo aliimaliza botini, akipageuzia mgongo mahali anapokwenda, kama wakaavyo wapiga makasia. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebakiza siku tisa. Nafasi ilikuwa moja tu. Atakayeshinda angeondoka kwenda kambini nje ya nchi kwa miaka miwili, na kwa umri wake, mchujo mwingine usingekuwepo.

Simu ya Fundi ililia mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe mbona unapumua hivyo?"

"Ubavu. Nikivuta, ni kama mtu ananichoma sindano. Usimwambie kocha, nakuomba. Ataniondoa."

"Pumzika basi, Mrefu wangu."

"Nipumzike siku tisa kabla ya mchujo? Unanitania."

Fundi hakumwambia kocha. Angemwambia, huenda hadithi hii ingekuwa na heri kidogo. Jioni ya kuamkia mchujo alibaki peke yake bandani, akalegeza pete za makasia ya Mrefu na kuzisogeza sentimita moja na nusu kuelekea ncha inayoingia majini. Ukifanya hivyo, mkono unaona wepesi na ubavu unapata nafuu. Ila kila mvuto unaisukuma boti pungufu ya ulivyopaswa kuisukuma.

Asubuhi Mrefu alitoka kama mshale. Aliona wepesi akadhani ni nguvu. Walipofika nusu ya safari, msichana wa miaka ishirini na mbili alikuwa sambamba naye. Mrefu aliongeza kasi, makasia yakazunguka haraka haraka, boti ikawa inamgomea. Alishindwa kwa muda usiofika hata sekunde moja.

Alilia akiwa bado ndani ya boti, maji yakimpiga miguuni.

"Nilitoa vyote, Fundi wangu. Vyote. Mwili umekataa. Nimeisha."

Fundi alimkumbatia, akamsaidia kutoka botini. Wiki hiyo hiyo alimposa, na Mrefu akakubali. Mama mkwe mtarajiwa akaanza kumwita mwanangu.

Mwezi uliofuata walikwenda kwa mshonaji kujaribu gauni. Lilikuwa jeupe, la hariri, refu hadi chini. Mshonaji alimzunguka bibi harusi na pini mdomoni.

"Dada, mabega haya makubwa mno. Nitaweka mtandio tuyafiche."

"Yafiche tu," Mrefu alisema. "Hayana kazi tena."

Mshonaji akatoka kutafuta mtandio. Fundi alinyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"Si mwili wako," alisema.

"Nini?"

"Mchujo. Nilisogeza pete. Sentimita moja na nusu. Kwa ajili ya ubavu wako."

Mrefu alisimama na gauni lake lenye pini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Ulitaka nipone, au ulitaka nibaki?"

Angeweza kudanganya. Tumpe haki yake, hakudanganya.

"Vyote viwili."

"Ubavu ulikuwa wangu, Fundi. Ningeuvunja mwenyewe! Mwezi mzima najichukia. Najitazama kwenye kioo naona takataka. Na wewe unanitazama, unanipikia chai, unajua!"

"Nilikupenda."

"Najua. Ndiyo maana sikupima."

Alitoka nje na gauni lile lile, akampigia kocha. Kocha alisikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, mwanangu. Majina yalishapelekwa, na mwenzako aliondoka Jumapili. Hata ukileta malaika waje kushuhudia, aliyevuka wa kwanza ni yeye."

Mrefu alirudi ndani, akabadili nguo, akaiweka pete ya uchumba juu ya cherehani. Fundi aliita jina lake halisi, mara mbili. Hakugeuka. Alimpenda bado, na hilo lilimuuma kuliko ubavu.

Akiwa njiani alimpigia mama yake.

"Mama, harusi hakuna."

"Mungu wangu! Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Sasa amekufanya nini, mwanangu?"

Mrefu alisimama katikati ya watu, machozi yakimtiririka.

"Alinionea huruma, mama."