Tundu Juu ya Gego

Maiti ililala kifudifudi, kichogo kimefumuka, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea rafu. Kando yake palikuwa na pasi nzito ya chuma, imefutwa safi kuliko kitu kingine chochote chumbani. Juu ya rafu, tarumbeta kuukuu ilimetameta.

"Afande, kazibwa mdomo," alisema Sajini. "Ona, pamba."

Inspekta alichuchumaa. Kweli, kipande cha pamba chenye damu kilichungulia katikati ya meno.

"Ukimziba mtu mdomo, Sajini, unaiachaje mikono yake huru?"

Sajini aliunyoosha mkono kuitoa ile pamba.

"Basi usiiguse. Iende naye mochwari hivyohivyo."

Marehemu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi. Mtaa mzima ulimwita Mapafu. Kushoto kwa chumba chake aliishi mama mwenye nyumba. Kulia aliishi mlinzi wa usiku, mtu anayelala mchana, au anayejaribu.

"Ulimsikia mara ya mwisho lini, mama?"

"Jana alasiri. Mdogo wake, anayepiga naye bendi moja, alikuja, wakakaa humo ndani, kimya. Halafu tarumbeta ikalia, mwanangu! Mimi kelele zile zimenichosha zamani, lakini jana niliacha nguo kwenye beseni nikasikiliza. Hajawahi kupiga vile."

"Na mdogo wake?"

"Ilipokoma tu akatoka. Akanipita hapahapa uani, akasema, 'Mama, mhimize kaka asichelewe harusini, bado anafunga vifungo.'"

"Baada yake nani aliingia?"

Mama akautupia jicho mlango wa kulia, akashusha sauti. "Huyo. Alitoka macho mekundu, anatukana, akaupiga mlango wa Mapafu teke. Mimi nikajiendea dukani. Ugomvi wa wanaume siuwezi."

Mlinzi hakukana.

"Nilipiga teke, kweli. Nikamwambia, 'Hiyo tarumbeta nitakushindilia kooni.' Hakujibu. Nikarudi kulala."

"Hukuingia?"

"Nikafanye nini, afande? Nilitaka usingizi, sikutaka kesi."

Alitiwa mahabusu. Mkewe, mjamzito aliyekaribia kujifungua, aliketi kwenye benchi la kituo, hali, hanywi, kila buti likipita anainua uso.

"Kesho huyo mahakamani, kwa mauaji," alisema Mkuu wa Kituo. "Ametishia, alikuwepo, na marehemu alikuwa hai mdogo mtu alipoondoka, tarumbeta ilisikika. Unangoja nini, Inspekta?"

"Nangoja mdomo wa marehemu, mkuu."

"Maiti haisemi."

"Huyu ana pamba mdomoni. Nataka kujua aliwekewa ya nini."

Mochwari ilinuka dawa, na chini ya dawa ilinuka kilekile kinachofichwa. Daktari wa maiti, mwanamke mfupi mwenye maneno, alikuwa ameshavaa glavu.

"Karibu. Mteja wangu mpole, hajalalamika hata kidogo." Akakipanua kinywa cha marehemu. "Hakuzibwa mdomo. Gego la juu kushoto limeng'olewa, jana hiyohiyo, na pamba ni ya kuzuia damu. Sasa tazama."

Alichukua kijiti chembamba cha chuma, akakiingiza kwenye shimo la gego. Kikapanda. Kikazidi kupanda.

"Mbona kinazama hivyo?" aliuliza Inspekta.

"Watu hudhani taya la juu ni mfupa mzito kama la chini. Thubutu! Ndani yake, hapa nyuma ya shavu, mna uwazi wa hewa unaofungukia puani. Mizizi ya magego imesimama chini yake, na kinachoitenga ni sakafu ya mfupa, nyembamba, pengine kama ganda la yai. Mzizi wa huyu ulipong'oka ulibomoa sakafu. Kukabaki tundu. Mdomo na pua vikawa chumba kimoja."

"Akinywa maji?"

"Yanatokea puani."

"Akipuliza tarumbeta?"

Daktari aliacha utani. "Pumzi ingevujia puani, na donge la damu lingefyatuka shimoni. Mimi nililikuta zima, nikalipiga picha kabla sijalitoa. Tangu ang'olewe, Inspekta, huyu hakupuliza hata mshumaa."

Inspekta alienda moja kwa moja kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili. Ndiyo, alimng'oa Mapafu mchana ule. Ndiyo, alimwonya: asipenge kamasi, asipulize kitu kwa wiki kadhaa, na huenda asirudie tarumbeta kabisa. Kisha alimtia pamba na kumkataza kufungua mdomo. Kabla ya pamba, Mapafu alisema maneno machache. Daktari aliyarudia. Inspekta alitoka bila kuaga.

Mdogo wa marehemu aliletwa kituoni macho yamevimba. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Jana kaka yako alikuambia nini?"

"Ya kawaida tu. Mambo ya harusi."

"Aliongea?"

"Ndiyo."

"Na pamba mdomoni?"

"Pamba gani?"

"Halafu akapiga tarumbeta?"

"Mama mwenye nyumba alisikia."

"Sijamuuliza mama. Nakuuliza wewe."

"Alipiga."

"Aling'olewa gego mchana. Taya lake la juu lilitoboka mpaka puani. Hakuweza kupuliza. Aliyepiga alikuwa na taya zima, na mate yake yamo ndani ya tarumbeta, iko maabara. Chumbani mlikuwa wawili. Mlinzi wa watu yuko ndani, mkewe uliyempita hapo nje anakaribia kuzaa. Sema."

Mabega ya kijana yakashuka.

"Maisha yangu yote nimepiga tarumbeta ya pili, nyuma yake. Nilimwomba, 'Kaka, harusi moja tu nitangulie mimi.' Moja! Alinitazama, akanibetulia mdomo. Hivi, upande mmoja. Akaniinulia kiganja kama anafukuza mbwa. Halafu akanipa mgongo. Hata neno, afande! Hata tusi! Mkono wangu ukakutana na pasi."

"Ukapiga tarumbeta ya nini?"

"Nyumba imsikie, ijue yu hai. Lakini nilipoanza... nilisahau hata yuko pale chini. Alikuwa hajawahi kuniruhusu kuishika."

"Na harusini?"

"Nilitangulia. Walishangilia."

Inspekta alifunga daftari. Angeweza kumwacha hapo.

"Mdomo ule ulikuwa umekufa ganzi kwa sindano," alisema. "Hakukubetulia. Hakujibu kwa sababu alikatazwa kufungua mdomo. Kile kiganja kilisema ngoja. Alipokupa mgongo, alikuwa anaelekea wapi?"

"Kwenye rafu."

"Kulikuwa na nini kwenye rafu?"

"Tarumbeta," alisema kijana.

"Daktari wa meno alipomwambia hawezi kupuliza, kaka yako alisema hivi: 'Basi leo atangulie mdogo wangu. Kangoja sana. Tarumbeta nitamkabidhi mwenyewe.'"

Inspekta alisimama, akafungua mlango. "Sajini, mfungulie mlinzi aende na mkewe."

Nyuma yake kijana alikuwa amefumbua mdomo wote, kifua kimejaa, mishipa ya shingo imesimama. Pumzi ilitoka. Sauti haikutoka.