Kona ya Kilomita ya Arobaini na Moja

Siku ya uzinduzi wa njia, upepo ulipoinua kile kitambaa cha kijani, nilikuwa nimepiga magoti nakaza breki ya mgeni wa saba. Sekunde mbili zilinitosha. Kwenye kibao kipya cha lango la msitu, chini ya ramani ya njia niliyoitafuta kwa miguu yangu miwili, paliandikwa NJIA HII IMEBUNIWA NA, kisha likafuata jina la mchumba wangu.

Mimi ni fundi baiskeli. Watu huniita Fundi tu, hata baba yangu mzazi. Kwa miezi tisa, kila siku ya mapumziko, niliingia kwenye milima ile peke yangu kutafuta njia ya changarawe itakayounganisha mabonde matatu bila kugusa lami. Kilomita tisini na mbili. Nimevuka mito na baiskeli begani, nimepasua matairi kumi na manne, nimelala na miguu imevimba. Kwa hiyo mkinikuta najisifu humu, nivumilieni, nimestahili.

Mchumba wangu ndiye mwenyekiti wa klabu yetu, tunamwita Kiongozi. Mrefu, mtanashati, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kupeleka fomu ya kusajili njia ofisi ya misitu ilikuwa kazi yake. Nikainuka na spana mkononi, nikamfuata alikokuwa akigawa chupa za maji.

“Jina lako limefikaje kwenye kibao?”

Akatazama kushoto na kulia. “Fundi wangu, tutaongea tukirudi. Usinivurugie siku.”

“Nimeuliza limefikaje.”

“Fomu ilitaka jina moja, nikaandika la mwenyekiti. Kwani mimi na wewe si kitu kimoja? Mwezi wa kumi na mbili tunaoana.”

“Kama ni kitu kimoja, mbona hukuandika langu?”

 Akanipigapiga bega kama mtu anayetuliza mtoto, akaenda kumlaki afisa misitu, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, ambaye naye alikuja na baiskeli yake.

Kilichonichoma zaidi ni baba. Yeye ni bwana misitu mstaafu, nusu ya miti ya milima ile aliipanda yeye kabla goti halijamkatalia kazi. Alikuja na koti lake la zamani la kazini, limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Alipewa heshima ya kuvuta kitambaa sisi tukirudi. Akaniita pembeni, akaninong'oneza kwamba amebeba miwani ya kusomea, maana jina la mwanawe anataka kulisoma mwenyewe, asisomewe na mtu.

“Sawa, baba,” nikamjibu, nikageuka haraka asinione macho.

Tukaondoka watu ishirini na wawili, Kiongozi mbele, mimi nyuma kabisa na mfuko wa vifaa, maana fundi hufuata nyuma. Kila mmoja alikuwa na kifaa kidogo cha ramani kwenye usukani, kimeingizwa mstari wa njia. Nilikuwa na hasira, siwezi kuwaficha, lakini pia nilivimba kichwa. Bonde la kwanza, lenye miti mirefu na barabara laini ya majani makavu, wageni walinyamaza wote kwa uzuri. Kilima cha pili walitukana kwa furaha. Yule afisa aliponikuta mtoni akaniambia kwamba miaka kumi na minane yuko msitu ule na hakujua kama unapitika hivyo. Nikamwambia unapitika, mama, ukiuuliza vizuri.

Kilomita ya arobaini na moja nikakuta msafara wote umesimama. Mstari kwenye vifaa ulikuwa ukiwaambia waache barabara, washuke kushoto kwenye kichaka mpaka kijitoni, wazunguke jiwe, kisha warudi palepale.

 Nikajua Kiongozi amefanya nini. Mimi nikiwa njiani hurekodi kila kitu, nikirudi nyumbani nafuta kona zote za kupotea, za kujisaidia, za kutafuta glavu iliyodondoka. Huo mstari safi nilikuwa nao mimi kwenye simu yangu. Yeye nilimtumia ule mchafu, siku aliponiomba aione tu njia nzima. Na huo ndio aliougawa.

“Hapa nimewawekea sehemu ya kupumzika,” alikuwa akiwaeleza wageni. “Kuna maji, kuna jiwe zuri la kukalia.”

Nikasogea mpaka mbele. Nilitaka kumpa nafasi, Mungu ni shahidi.

“Kiongozi, umewahi kushuka huko?”

“Mara nyingi.”

“Nakuuliza tena. Una uhakika?”

“Fundi, acha utani, wageni wanasubiri.”

Nikawaambia wageni wasimfuate. Nikalaza baiskeli yangu kukata njia, na hakuna aliyeivuka. Kiongozi akashuka peke yake, kifua mbele. Kile kichaka nilikipita wiki mbili nyuma, kilikuwa kimejaa upupu, maganda yamekauka, yanasubiri mtu tu. Tukamsikia akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alipopanda tena alikuwa anajikuna shingo kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, kofia sijui kaiacha wapi. Wageni walijitahidi wasicheke, wakashindwa.

Afisa hakucheka. Alinigeukia mimi.

“Wewe ulijuaje?”

“Kwa sababu kona hiyo ni yangu, mama. Mwezi wa pili wa kazi hii nilianguka hapa, goti likapasuka. Nilishuka mtoni kuosha damu, nikakaa juu ya lile jiwe nikampigia simu mchumba wangu aje anichukue. Hakupokea. Akanitumia ujumbe, ninao mpaka leo.”

Sikuhitaji kuutafuta sana. Nikausoma kwa sauti: “Niko kikaoni mpenzi. Jikaze.”

“Nilijikaza,” nikasema. “Nilimaliza kilomita zilizobaki za siku ile kwa mguu mmoja.”

Afisa akamtazama Kiongozi. “Hii njia ni ya nani?”

Alikuwa na nafasi ya kudanganya tena, na mdomo wa kudanganyia anao. Akaacha kujikuna. Akasimama wima, uso umemvimba, akanitazama mimi badala ya afisa.

“Ni yake. Kila mita. Niliandika jina langu nikijiambia nitalibadilisha kesho, na kila kesho ilikuja na mtu wa kunisifu.”

Nikamwachia mfuko wa vifaa. Nikapanda baiskeli, nikapita mbele, na msafara wote ukanifuata mimi mpaka langoni. Yeye alibaki nyuma, amebeba mfuko wa vifaa.

Baba alikuwa ameshavaa miwani. Kiongozi akamwendea kabla yangu, akamweleza mbele ya watu wote, bila kujitetea hata neno moja. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kuniuliza kama spana yangu ya boliti zile ninayo. Ninayo, nikamwambia. Nikafungua boliti nne kwa mkono wangu, nikakishusha kile kibao na kitambaa chake. Halafu nikavua pete ya uchumba nikaiweka kwenye kiganja cha Kiongozi kilichojaa vipele.

Wiki tatu baadaye kibao kipya kikafungwa. Baba alilisoma jina langu, majina yote matatu, akipitisha kidole kwenye kila herufi. Akarudia tena. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Kiongozi hakuja. Niliambiwa amejiuzulu uenyekiti, na kwamba kila Jumamosi huonekana akipanda milimani na panga, jembe na glavu ndefu. Sikuuliza. Fundi mwenzangu wa karakana alikuwa akinichokoza kwamba siulizi lakini masikio yamenisimama. Alikuwa sahihi.

Baada ya miezi miwili ujumbe ukaingia.

“Njoo kilomita ya arobaini na moja. Safari hii nipo.”

Nikaenda. Upupu haukuwepo tena. Palikuwa na kinjia safi mpaka kijitoni, kimewekwa mawe pembeni, na karibu na lile jiwe palikuwa na benchi la mbao alilolipigilia mwenyewe, limepinda kidogo upande mmoja. Alikuwa amesimama kando yake, mikono imejaa malengelenge.

“Umechelewa miezi tisa,” nikamwambia.

“Najua. Nioneshe ulipokaa siku ile.”

Nikamwonesha. Akapiga magoti pale, akaligusa jiwe kwa kiganja, akaniomba msamaha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na urembo wowote.  Nilimpenda kabla ya uongo wake, na pale nikaona bado nampenda.

“Pete yangu iko wapi?”

“Mfukoni. Haijawahi kutoka.”

Nikamnyooshea mkono, wenye grisi kwenye kucha kama kawaida.

“Nivalishe,” nikasema. “Lakini fomu ya ndoa nitaijaza mimi.”