Chuo Kidogo cha Yaya Nuru

Kila alasiri, akitoka shule, Aïcha huosha masufuria uani kwao Kabondo huku akimngoja dada yake mkubwa, Nuru, ambaye humwita yaya. Nuru anasoma katika chuo kidogo upande wa Simi-Simi. Wanafunzi wote wakikusanyika, wanaenea chini ya paa moja la mabati. Humo hujifunza historia, lugha, hesabu na viumbe hai kwa pamoja, na walimu wanamjua kila mmoja mpaka jina la mama yake.

Aïcha alikionea haya chuo hicho. Siku Nuru alipokubaliwa huko, majirani walikuja kummwagia poda kichwani, kama anavyofanyiwa kila aliyefaulu. "Chuo gani?" waliuliza. Walipojibiwa, mikono ilishuka, na kopo la poda likabaki limejaa.

Lionel, mtoto wa jirani, hakuisahau siku hiyo. Kaka yake alikuwa chuo kikuu, penye maelfu ya wanafunzi.

"Kwa kaka yangu darasa linajaa mpaka wengine wanasikilizia madirishani," alijisifu. "Kwa dada yako je? Mwalimu akipiga chafya, chuo kizima kinalowa!"

Aïcha alichoka kuchekwa. "Kumbe hujui? Yaya amehama. Sasa naye yuko chuo kikuu."

Siku moja baiskeli ya abiria, ile tunayoiita toleka, ilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mama mmoja mwenye miwani.

"Mimi ni Madame Philomène, nafundisha ng'ambo. Nimesoma kazi ya Nuru juu ya mitego ya samaki ya Wagenia, wavuvi wa mto huu. Iliandikwa jina lake na Kabondo tu. Alors, basi, mwanangu, anasoma wapi? Kesho naondoka."

Lionel alikuwa ameegemea ukuta, masikio wazi. Aïcha akamtupia jicho.

"Chuo kikuu, Madame."

Madame akapanda tena, toleka ikageuka.

Jioni Nuru aliingia macho mekundu. "Mama, kuna Madame amenitafuta chuo kikuu. Rafiki yangu wa kule amenipigia simu. Walimwambia hawanijui. Akasema basi huyo msichana ni mwongo, labda hata ile kazi si yake." Sauti ilimkatika. "Mama, nimeshinda majini na wale wavuvi mwaka mzima!"

Mama Kadidja alitenga fufu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake. Aïcha alifinyanga tonge, akalirudisha sahanini. Nuru akamsogezea kipande chake cha samaki.

"Kula, mdogo wangu. Wewe hujafanya kosa lolote."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi. "Ni mimi, yaya," alisema akilia. "Ni mimi niliyemwelekeza kule. Lionel alikuwa anasikiliza. Niliona haya."

Nuru alimtazama. "Ulinionea haya mimi?" Akainuka, akaenda kulala. Aïcha alitamani afokewe.

Asubuhi Mama Kadidja aliita toleka tatu, wakaenda wote watatu hadi nyumba ya wageni ambako rafiki wa Nuru aliambiwa Madame amefikia. Begi la Madame lilikuwa tayari mlangoni.

"Sema mwenyewe," Mama alimwambia Aïcha.

Aïcha alisema yote, hata ya Lionel na madirisha, macho yake yakitazama ndala zake. Madame alimgeukia Nuru. Akamuuliza:

"Maji yakipungua, mtego wanauweka wapi?"

Nuru alieleza, mikono yake ikichora mkondo wa mto hewani. Aliendelea mpaka Madame akatabasamu.

"Bon, vizuri. Ndege yangu ni mchana. Nipeleke kwenye chuo chako." Kisha akamshika Aïcha bega. "Hata ninapofundisha ni padogo, mwanangu. Kuna vyuo vidogo vinavyoheshimiwa nchi nyingi, sawa na vile vikubwa. Mtu wa mbali haoni madirisha yaliyojaa wanafunzi. Anaona kazi."

Asubuhi hiyo Madame alikaa na Nuru na walimu wake chini ya lile paa la mabati. Kabla hajaondoka, walikubaliana kuichapisha kazi ile, jina la chuo likiwa juu yake.

Wakirudi nyumbani, Mama Kadidja alisema, "Aïcha, chuo kuwa kidogo si kosa. Kosa ni uongo. Ulitaka kujipamba mbele ya Lionel, ukampaka tope dada yako. Leo ukweli umemsafisha. Lakini moyo wake uliuumiza, na huo utautuliza wewe, polepole."

Walipofika, Aïcha aliingia ndani, akatoka na kopo la poda. Akamwita Lionel.

"Nilikudanganya. Yaya anasoma kule kule Simi-Simi, kwenye chuo kidogo."

Kisha, mbele ya Lionel na majirani, alimmwagia Nuru poda yote kichwani.