Majani Yaliyopimwa Kama Udongo

Seremala mmoja aliishi na mkewe na mama yake mzazi. Chumba cha mama kilikuwa cha nyuma, kuta zake za matofali ya udongo. Marehemu baba ndiye aliyezijenga kwa mikono yake. Kila masika maji yalituama uani, na mama alilala viatu vyake amevipandisha kitandani.

"Tuchimbe mtaro," mke alisema. "Lakini maji tuyaelekeze wapi?"

Kwa macho, kiwanja kilikuwa tambarare kama meza. Basi wakamwita mpima ardhi. Alikuja na droni, kile chombo kinachoruka na kupiga picha. Picha zile huingia kwenye kompyuta, nayo huchora ramani ya ardhi: wapi pameinuka, wapi pameinama.

"Kaka, kateni kwanza haya majani ya nyuma," mpima alisema. Yalikuwa yamefika kiunoni.

"Ah, dada! Hicho ni chakula cha mbuzi wangu, na hakijakomaa. Wewe piga picha tu. Yataipamba ramani yako."

Mpima alisita. Kisha akacheka, akarusha droni.

Ramani ilionyesha kwamba nyuma ni juu, mbele ni chini. Seremala akachimba mtaro kutoka ukuta wa mama hadi barabarani.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Maji hayakwenda barabarani. Yalitoka huko, yakafuata mtaro hadi nyuma, yakaupiga ukuta wa mama. Mama alitoka na blanketi lake tu. Ukuta ukalala chini.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," mke alimwambia mumewe. Lakini naye alikuwa analia.

Mpima aliitwa tena. Alipoona kifusi, aliyaendea majani, akazishika ncha zake.

"Droni haikuona udongo," alisema. "Iliona ncha za majani. Kompyuta ikadhani ncha zile ndizo ardhi, ikainua nyuma kwa kimo cha kiuno. Kosa la kipimo halibaki kwenye kipimo, kaka. Linaingia kwenye ramani, kisha linaingia kwenye jembe."

"Si mnasema kompyuta ina akili?"

"Inajua kile ilichopewa tu. Na mimi nimekosa. Ningekataa kupima. Au ningesimamisha fimbo ya vipimo hapa na pale, iguse udongo, nilinganishe na picha."

Seremala alichukua mundu, akafyeka majani yote. Mbuzi walikula mpaka wakachoka. Mpima akapima upya, na safari hii kwa fimbo pia. Ramani mpya ikasema kweli: nyuma ndiko chini. Wakafukia mtaro wa kwanza, wakachimba mwingine kuelekea bondeni, nyuma ya kiwanja.

Masika yakarudi. Uani hapakutuama maji. Mama, ambaye sasa analala sebuleni, alisimama mlangoni kutazama.

"Umeona, mama? Yamefuata njia."

"Nimeona, mwanangu. Yangeifuata mwaka jana, leo ningeyatazama kutoka dirishani kwangu."