Alichokijua Mkwe

"Uko wapi saa hizi?" mwalimu aliuliza kwenye simu.

"Kibandani. Natengeneza redio ya mteja," mumewe alijibu. "Mbona sauti imekukauka, mama watoto?"

"Funga mlango. Nina swali."

Alikuwa amesimama koridoni, katika ofisi ya nyaraka ng'ambo ya mpaka. Kwa wiki mbili alikuwa akisoma majalada ya idara ya ujasusi ya nchi hiyo jirani, iliyovunjwa baada ya serikali yake kuanguka. Alifundisha historia sekondari, na alitaka kuandika kitabu kuhusu majasusi waliopandikizwa mjini kwao. Asubuhi hiyo aliletewa jalada la baba yake mzazi, mchapishaji wa gazeti lililowaumbua wakubwa wa serikali ile. Alitekwa miaka ishirini na miwili iliyopita, hakuonekana tena.

"Mwaka tuliooana," alisema, "baba alituambia mezani kwamba Ijumaa angepita njia ya kiwanda cha matofali. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na wewe. Ripoti ninayo hapa, na mwandiko ni wako."

Alisikia redio ikikoroma, kisha ikazimwa.

"Baba watoto, ulinioa kwa kutumwa?"

"Nilitumwa niizoee nyumba yenu. Kukupenda hakuna aliyenituma."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Waliniambia watamhoji tu, wamrudishe. Walipommaliza, nikaacha kazi yao."

Jalada halikutaja kifo popote. Ukurasa wa mwisho uliandikwa "amehamishwa", basi.

"Nani alikwambia wamemmaliza?"

Simu ikakatwa. Baada ya dakika chache ujumbe uliingia: "Nisamehe. Ningesema, ningewapoteza nyote."

Akajibu: "Kesho saa nne, kwa mama. Ukikimbia, watoto nitawaambia mimi."

Hakukimbia. Mama mkwe alimpokea kwa furaha, maana mkwe huyu ndiye aliyemwezekea paa na kumpeleka hospitali kila alipozidiwa.

"Karibu, mkwe wangu. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, macho chini. Mwalimu alikaa kando ya mama yake, kamshika mkono, na aliuhisi ukipoa.

"Ulijua lini kwamba amekufa?" mama aliuliza.

"Wiki ile ile, mama."

"Na kila nilipokuomba unipeleke mpakani kumuulizia, ulinipeleka."

"Ndiyo."

"Mara sita. Ukaniangalia nikiwapigia magoti wale askari."

Mwanamume alianza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

"Futa machozi, uniambie yuko wapi."

"Hakuvushwa mpaka, mama. Yuko hapa hapa. Nyuma ya kile kiwanda."

Mama alifumba macho. Kiwanda kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Miaka yote hiyo alikuwa akipita pale akienda sokoni.

Mwalimu ndiye aliyewaita polisi. Walifukua siku mbili, na mifupa ikapatikana pamoja na miwani iliyovunjika mkono mmoja. Mume alipelekwa mahabusu. Mzee alizikwa Jumanne, na mama akakubali kwa mara ya kwanza kuitwa mjane.

Mwezi ulipopita, mwalimu alikwenda mahabusu. Walitenganishwa na wavu.

"Sikuja kukusamehe," alianza. "Kwenye ripoti moja umeandika kwamba binti wa mchapishaji akicheka, unasahau kilichokupeleka pale. Wakubwa wako waliipigia sentensi hiyo mstari mwekundu. Kwa nini uliiandika?"

"Sijui. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia."

"Ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli. Mpaka leo."

Alimwamini. Alimfahamu vya kutosha kujua anapodanganya, au ndivyo alivyokuwa akijidanganya miaka yote, na sasa hakuwa na namna ya kutofautisha.

Kesho yake, mahakama ilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni na maombi yake ya talaka mkononi. Hakutaka kungoja hata siku moja zaidi, kwa sababu moyo ulikuwa umeshaanza kulainika.