Ghorofa Isiyo na Kuta

Saa moja asubuhi Mnyanyuzi, mashine ya ujenzi ya mji, aliukamata Mnara wa Nane kwa mikono yake kumi na miwili ya chuma, akauinua mita tatu na nusu, na wakazi wake elfu moja na mia tano wakaendelea kunywa chai. Hakuna aliyemwaga hata tone. Ghorofa mpya, iliyotoka kiwandani na mabomba na milango yake, ikasukumwa chini ya jengo kama droo inavyorudishwa kabatini. Dakika arobaini baadaye Morogoro ilikuwa na nyumba thelathini na mbili zaidi, bila kula hata hatua moja ya ardhi.

Hivyo ndivyo mji ule ulivyokua tangu mwaka 2081: ulikwenda juu kwa kuongezwa chini. Mhandisi Leokadia Mkude, mpangaji mkuu wa mji, alikuwa ameliona jambo hilo mara mia na zaidi, na bado alisimama mdomo wazi. Na kwa nini asisimame? Milima ya Uluguru ilikuwa imevaa tena misitu yake, mito ilijaa hata mwezi wa tisa, na mtu aliweza kutoka kwake kwa miguu akafika sokoni, shuleni na hospitali kabla jasho halijamtoka. Mama yake mkubwa, Bi Anjela, ndiye aliyemlea, naye alihamia Mnara wa Tisa, ghorofa ya pili. Sasa aliishi ya kumi na tisa, na hakuwahi kuhamisha hata kijiko. "Mmenipandisha cheo," alikuwa akisema.

Mwenye akili ya mji wote alikuwa Mkadiriaji, mashine isiyo na umbo ila sauti. Alihesabu waliopo na watakaozaliwa miaka hamsini ijayo, akampangia kila mmoja kitanda, bomba la maji na nafasi ndani ya lifti. Leokadia ndiye aliyemfundisha, na kwa miaka kumi na mmoja Mkadiriaji hakuwahi kukosea zaidi ya watu tisa.

Siku ya pili yake, alfajiri, Bi Anjela alifariki.

"Pole sana, Mhandisi," Mkadiriaji alimwambia sikioni. "Mnara wa Tisa umepungua mtu mmoja. Nafasi moja imepatikana."

Kufikia saa saba mchana walikuwa wamefika watu mia nne. Walitoka Matombo, Mikese, Kilosa na minara yote ya jirani, wengine na mikeka, wengine na masufuria. Lifti zilipandisha arobaini, kisha zikagoma: mnara umejaa. Pa kufunga turubai hapakuwepo, maana kila kipande cha chini kilikuwa njia, mfereji au bustani ya mboga. Watu wakabaki juani, wakipishana na vigari vya mizigo. Mjomba Kaspari, msemaji wa ukoo, alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, koti limemlowa jasho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Pole." Akautazama mnara hadi juu. "Mji mzuri huu. Nimeusifia mpaka kijijini wamenichoka. Sasa tuambie, msiba tunakaa wapi?"

Leokadia aliona aibu iliyomchoma kuliko hata kilio chenyewe. Akajitenga pembeni.

"Mkadiriaji, hawa watu hukuwaona?"

"Hawaishi hapa."

"Watalala hapa siku tatu."

"Niliulizwa watu wanalala wapi siku za kawaida."

Aliyeuliza hivyo alikuwa Leokadia mwenyewe. Katika hesabu zake, mtu akifa alitolewa mmoja. Tangu utotoni alijua kwamba mtu akifa nyumba hujaa, lakini alilijua kama mtu anavyojua kula, ndiyo maana hakuwahi kufikiria kuieleza mashine.

"Ghorofa mpya ya mnara huu iko tayari?"

"Ingewekwa Ijumaa. Imepangiwa familia thelathini na mbili."

"Iondolee kuta. Leta sakafu na nguzo tu, leo."

"Familia hizo zitasubiri miezi saba. Na msingi wa kila mnara unabeba ghorofa thelathini, si zaidi. Ukifanya hivi minara yote, miaka hamsini ijayo watu elfu kumi na nne watakosa nyumba, au mji utapanda mlimani."

Leokadia aliitazama milima. Alikuwa ameapa kwamba hautapanda.

"Minara mingine tutazungumza," alisema. "Huu, lete."

Mnyanyuzi alifika saa tisa. Bi Anjela, akiwa amelazwa kitandani kwake, akapanda hadi ghorofa ya ishirini, na watu mia nne wakaingia kivulini, wakatandika mikeka, wakalia kwa nafasi.

Jioni Leokadia alimtambua mwanamke aliyekuwa akigawa chai: Tatu Lukwele, mkazi wa Mnara wa Nane. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya zile familia thelathini na mbili. Leokadia angeweza kunyamaza.

"Tatu, hapa palikuwa penu. Namba kumi na nne. Nimeamuru kuta zitolewe mimi. Mtasubiri miezi saba."

Tatu akashusha birika. "Tuko sita kwenye chumba cha dada yangu," alisema taratibu. Akatazama huku na huku. "Jiko lingekuwa wapi?"

Leokadia alionyesha nguzo. Mjomba Kaspari alikuwa ameiegemea, amevua viatu, usingizi umemchukua.

Tatu alimtazama mzee yule, machozi yakamlengalenga. "Basi mwache alale," alisema, akanyanyua birika, akaenda kuwamiminia chai waliokaa mahali ambapo pangekuwa chumba cha watoto wake.