Jina la Winifrida Hewani

Asubuhi hiyo Nasma, binti wa shangazi yangu, fundi wa mitambo ya redio mjini Kibondo, alikunywa chai yake kwa raha, akapanda pikipiki kwenda Busunzu. Kule nyumba kadhaa zina visanduku vya mawasiliano juu ya paa. Kila kisanduku hupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha mbele, mpaka zahanati. Kimoja kilikuwa kinameza ujumbe bila kuupitisha. Mzazi mmoja aliomba msaada, ujumbe ukapotelea njiani, mtoto akafa.

Alikuta watu wamejaa uani kwa bibi Winifrida, aliyewahi kuwa mkimbizi kambini Mtabila na sasa ni raia kama mimi na wewe.

"Visanduku vyetu vyote vinaonyesha ujumbe unaishia kwake," alisema jirani yake, Nestori. "Ni mchawi huyu. Ahame leo."

"Sihami," bibi alijibu taratibu. "Nimekimbia vya kutosha."

Nasma alikasirika. Jirani kumtaja jirani si ushahidi, hata kwa mitambo. Akapanda paani, akakishusha kisanduku cha bibi, akang'oa betri, akakipakata mbele ya wote.

"Haya. Tumeni sasa, upitie kwa majirani."

Wakatuma. Ujumbe ukapotea. Simu ya Nasma ikaandika: umepokelewa na Winifrida.

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

Nasma aliogopa, lakini hasira ikaizidi hofu. "Kuna kitu kinajiita kwa jina lake," alinong'ona. Akawasha kipimo cha mawimbi, akakifuata. Kikamvusha ua. Kikampitisha migombani. Kikamrudisha. Namba zikapanda. Zikapanda tena. Alipoinua macho, alikuwa uso kwa uso na Nestori.

Nestori akasogea kushoto. Namba zikahama naye. Akageuza mifuko yake nje. Hakuwa hata na simu.

Vijana wakaokota mawe. Nasma akasimama katikati.

"Haguswi mtu hapa. Bibi mlitaka kumfukuza kwa maneno ya kusikia, sasa mmepata mwingine? Anayerusha jiwe aanze na mimi."

Mawe yakaanguka, moja moja.

Tangu siku hiyo ujumbe haujapotea tena, na hakuna ajuaye kwa nini. Bibi bado analima maharage yake palepale. Ila Nestori akipita njiani, au hata akienda mnadani Kasulu, simu za watu huonyesha mtandao usiokuwepo, jina lake Winifrida. Naye akikatiza mbele ya shamba, bibi hunyoosha mgongo na kumtakia amani kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya kusikika kijiji kizima.

"Amahoro, Nestori. Bado nipo."